Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Masikio ya Madereva na Kelele za Gari Zetu

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Walikusudia kumkanya mtu mwenye maneno mengi na matendo haba. Lakini laiti wangalikuwa hai leo, wakakaa japo saa moja katika chumba cha dereva wa lori linalopanda mlima, wangaliona kuwa methali yao imepata maana ya pili. Chumba cha dereva ni debe. Ni bati jembamba lililokunjwa na kuchomelewa, likawekwa juu ya injini inayotetema, kisha ndani yake akatiwa binadamu mwenye masikio mawili, akaambiwa afanye kazi humo tangu alfajiri hadi magharibi.

Leo tumeona yafaa tuizungumze kazi ya kulinyamazisha debe hilo. Kazi yenyewe haihitaji kiwanda wala mtaji mkubwa. Dereva mwenyewe, akisaidiwa na utingo wake na fundi bodi wa mtaani, aweza kuifanya kwa siku mbili. Nasi tunaizungumza kwa sababu moja kubwa: kile kinachopotea kwa kutoifanya hakirudi tena.

SAFARI YA MKOANI

Miezi michache iliyopita tulishuka melini Mkoani, tukapanda gari ya abiria kwenda Chake Chake. Ilikuwa moja ya zile gari ambazo chini ni lori na juu ni bodi ya mbao yenye mabao ya kukalia. Dereva alikuwa mtu mzima, ambaye tulimwita Ami kwa kuwa umri wake ulilingana na wa baba zetu wadogo. Alitukaribisha mbele kwa hisani. "Njoo ukae hapa, mwanangu," alisema, "huku mbele hakuna vumbi."

Kweli vumbi halikuwapo, lakini kelele zilikuwapo. Injini ilikuwa chini ya viti vyetu, imefunikwa kwa bati ambalo raba za kingoni mwake zilikwisha kuoza zamani. Kila Ami alipokanyaga mafuta, sakafu ilitetema, milango ikalia, na paa lililo juu ya vichwa vyetu likavuma kama tasa lililopigwa. Tulipotaka kuuliza hali za nyumbani ilitubidi tupeleke mdomo hadi karibu na sikio lake. Alijibu kwa ukelele. Gari ilipofika kituoni na injini ikazimwa, aliendelea kusema kwa ukelele ule ule, hata watu waliokaa barazani wakageuka kumtazama.

Mbele kidogo gari ilisimama kumshusha mama mmoja mwenye kapu na mtoto. Ada ya gari hizi inajulikana: utingo hugonga bodi mara moja gari isimame, na mara mbili iondoke. Utingo alikuwa hajagonga mara ya pili. Ami akadhani amesikia, akaachia klachi, ilhali mama yule ameshusha mguu mmoja tu. Utingo alipiga ukelele, abiria wakagonga mabao kwa mikono, wala Ami hakusikia lolote. Sisi tuliokuwa mbele ndio tuliomshika mkono, ndipo akakanyaga breki.

Kwa rehema za Mwenyezi Mungu mama yule hakuanguka. Kapu lake lilimwagika, maembe yakatawanyika barabarani, na Ami akashuka mwenyewe kuyaokota moja moja huku akiomba radhi. Aliporudi kwenye usukani alikaa kitambo bila kuwasha gari. Kisha akatuambia: "Mwanangu, siku hizi nasikia mabati tu. Hata mjukuu wangu akiniita, mimi naona midomo yake inacheza."

SIKIO HALINA SPEA

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli twajua kuwa mtoto husoma kwa sikio kabla ya kusoma kwa jicho. Mwalimu hutamka, mwanafunzi huitikia. Herufi huja baadaye. Mlango huo wa elimu ndio tunaouacha ubomolewe na injini.

Ndani kabisa ya sikio, katika mfupa wa kichwa, mna kiungo kidogo kilichojizungusha mfano wa kombe la konokono wa pwani. Humo mna chembe nyembamba zenye vinyweleo, zipatazo elfu kumi na tano hadi kumi na sita katika kila sikio, na kazi yao ni kuugeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Mtu huzaliwa nazo zote. Kelele kubwa za muda mrefu huzichosha, kisha huziua, na zikifa hazioti tena. Mpira wa gurudumu hubadilishwa, hata injini nzima huletwa nyingine kwa meli. Chembe hizo hazina duka linaloziuza.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa namna fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma za kuwasaidia. Si wote walioharibiwa na kelele, kwani yako maradhi na uzee. Lakini kelele za kazini ni katika sababu ambazo binadamu aweza kuzizuia kwa mkono wake mwenyewe.

Kipimo cha kelele ni desibeli. Yapaswa kila dereva na kila ofisa anayehusika na usafiri afahamu kuwa hesabu yake si sawa na ile ya kilo au mita. Kuongezeka kwa desibeli 3 tu ni kuongezeka maradufu kwa nguvu ya sauti inayoingia sikioni. Ndiyo maana taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, katika mwongozo wake wa mwaka 1998, ilipendekeza kuwa mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Zikifika 88, asizidi saa 4. Zikifika 91, saa 2. Zikifika 94, saa moja basi.

Asiye na chombo cha kupimia anayo njia nyepesi. Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja hakusikii mpaka upaaze sauti, basi yamkini kelele za mahali hapo zimefika desibeli 85 au zaidi. Nasi tuliokaa na Ami hatukupaaza sauti tu; tulipiga mayowe.

Sasa hesabu hiyo hiyo inayotutisha ndiyo inayotupa matumaini. Maadamu desibeli 3 zikiongezeka huukata nusu muda wa salama, basi desibeli 3 zikipunguzwa huuongeza muda huo maradufu. Dereva ambaye gari yake inampa saa 4, akipunguza desibeli 3 amepata saa 8, nayo ni siku nzima ya kazi. Kwa hiyo mtu asiudharau upunguzo mdogo. Haba na haba hujaza kibaba.

KWANZA CHANZO, KISHA UFA

Kosa tuliloliona kwa wengi ni kukimbilia kununua zulia na sponji, wakazibandika ndani ya gari mbovu. Huko ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Kelele hutibiwa kwa mpango: kwanza pale zinapozaliwa, kisha njia zinamopita, na mwisho pale zinapopokelewa.

Basi dereva aanze na bomba la moshi. Sailensa iliyotoboka izibwe au ibadilishwe. Hakuna sponji litakaloshindana nayo. Atazame raba zinazoshika injini, maana zikikatika injini huutia mtetemo wake moja kwa moja katika chesisi. Akaze kila boliti iliyolegea na kila bati linalogongana na jenziye.

Baada ya hapo azibe nyufa. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta haipati mahali pa kufaa zaidi ya hapa. Sauti hupita kama maji, kwa kufuata upenyo. Hata ukuta ungekuwa mzito namna gani, ukiachwa wazi kwa sehemu moja tu katika mia ya eneo lake, hauwezi kupunguza kelele kwa zaidi ya desibeli 20. Tundu linalopita waya wa klachi, pengo lililozunguka mti wa gia, raba ya mlango iliyokauka: hayo ndiyo masikio ya debe letu.

Kuyatafuta si kazi ngumu. Usiku, mtu mmoja akae ndani ya gari na taa zimezimwa, na mwenziwe apite chini na mbele akimulika kwa tochi. Kila inapoonekana nuru, kelele nazo zinapita. Matundu madogo yazibwe kwa silikoni inayostahimili joto, waya na mipira ivishwe raba zake, na raba za milango zinunuliwe mpya. Kazi ya Ami, ambayo tulialikwa kuitazama siku yake ya pili, ilianza hivyo hivyo. Mwanawe, ambaye ndiye utingo wa gari ile, alihesabu matundu kumi na moja katika ukuta wa bati utenganishao injini na miguu ya dereva. Mojawapo lingepitisha yai la kuku.

KULILAZA BATI

Sasa ndipo inapokuja kazi yenyewe ya kutandaza. Viti vyote vitolewe, mikeka iondolewe, na vifuniko vya ndani vya milango vifunguliwe. Waya wa betri ukatwe kwanza, ili bisibisi isije ikagusa pasipofaa pakawaka moto. Boliti ziwekwe katika makopo, kila kopo na mahali pake, kwani boliti ya mkanda wa usalama ikipotea pamepotea roho ya mtu.

Bati likishakuwa wazi, litapigwa msasa palipo na kutu, litapakwa rangi ya kuzuia kutu, na litaachwa likauke sawasawa. Sisi watu wa visiwani tusiruke hatua hii hata kidogo. Hewa yetu ni ya chumvi, na kitu chochote kitakachobandikwa juu ya kutu kitaifuga kutu hiyo gizani hadi sakafu itoboke. Mwisho bati lifutwe kwa spiriti ili lisibaki na mafuta.

Kila aliyeona upatu ukipigwa harusini anajua kuwa ukiugusa kwa kidole unanyamaza papo hapo. Kidole hakikuuzuia upatu usipigwe. Kimeulaza mtetemo wake. Hiyo ndiyo kazi ya tabaka la kwanza. Kuna mikeka myembamba ya mpira wa butili yenye karatasi ya alumini juu yake. Bati linapotaka kutetema, mpira ule ulio katikati ya bati na alumini huvutwa huku na huku, na nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto dogo lisilodhuru.

Watu wengi hupoteza fedha hapa kwa kufunika bati lote. Haihitajiki. Piga bati kwa ncha za vidole: linapolia kama ngoma, bandika katikati yake, linapojibu kwa sauti nzito ya ubao, liache. Aghalabu robo ya eneo la bati yatosha, na nusu ni ukarimu. Jambo kubwa ni kuukandamiza mkeka kwa rola, kwa nguvu zote, mpaka mchoro ulio juu ya alumini ulale kabisa. Mkeka usiokandamizwa ni mzigo tu. Jua letu husaidia, kwani mpira wa butili hushika vyema zaidi bati likiwa na uvuguvugu.

Wako watakaoshawishika kutumia mikeka ya lami kwa kuwa ni rahisi. Tunawatahadharisha. Lami ikipata joto la gari iliyoegeshwa juani hulegea, hunuka, na ikiwa imebandikwa darini huweza kumwangukia dereva. Na asiye na uwezo wa kununua butili akumbuke kuwa tyubu nyingi za magurudumu zimetengenezwa kwa mpira huo huo. Tyubu iliyokwisha kazi, ikikatwa vipande na kubandikwa kwa gundi ya kuzibia pancha, haitalingana na mkeka wa dukani, lakini bora hivyo kuliko bati tupu. Ami alitumia mikeka ya dukani kwenye milango na ukuta wa mbele, na tyubu kuukuu kwenye ukuta wa nyuma.

Katika milango yapo matundu madogo chini kabisa. Hayo yasizibwe, maana ndiyo yanayotoa maji ya mvua. Kadhalika isifunikwe namba ya chesisi, wala boliti ya aina yoyote, wala mahali panapopita kioo.

TABAKA ZINAZOFUATA

Kulaza mtetemo hakuzuii sauti inayosafiri hewani. Kwa hiyo sakafuni na ukuta wa mbele huhitajika kizuizi kizito, kama vile mkeka wa raba nzito au wa vinili iliyotiwa uzito, wa kiasi cha kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Kanuni ya kizuizi ni uzito: kikizidishwa uzito mara mbili, upunguzo huongezeka kwa takriban desibeli 6 pale hali inapokuwa njema. Nacho sharti kiwe kipande kimoja kisicho na pengo, kwa sababu ile ile ya ufa tuliyokwisha kuieleza. Chini yake litandikwe sponji jembamba, ili kizuizi kisigusane na bati.

Hapa pana suala la sponji gani. Yako yanayokunywa maji na yasiyokunywa. Kipande kitoswe katika bakuli la maji kisha kikamuliwe: kikitoa maji, si cha sakafuni wala mlangoni. Kwa nchi ya mvua za masika na abiria wenye miguu iliyotota, sponji linywalo maji ni kitanda cha kutu.

Na tuseme waziwazi juu ya sponji la magodoro, maana tumeliona katika gari si moja wala mbili. Sponji hilo hushika moto upesi, na moshi wake una sumu iwezayo kumwua mtu kabla moto wenyewe haujamfikia. Lisiwekwe karibu na injini kwa hali yoyote. Chini ya kifuniko cha injini huwekwa vitu vilivyotengenezwa kustahimili joto, kama pamba ya kioo iliyofunikwa kwa alumini. Naye anayeikata avae glavu na kuziba pua. Mabaki ya mabati ya asbesto yasiguswe kabisa, kwani vumbi lake huleta saratani.

Je, usumba wetu wa makumbi haufai? Tumeulizwa swali hili, nasi tumefurahi kuulizwa, kwa kuwa akina mama wa vijiji vya pwani wameyafukia na kuyaponda makumbi vizazi na vizazi kwa ajili ya kamba. Usumba hunywa sauti, na wapo watengenezaji wa magari wa Ujerumani waliopata kuutumia, ukichanganywa na mpira, katika kushindilia viti. Lakini usumba mtupu hushika unyevu na hushika moto. Kwa hiyo mahali pake ni paa na ukuta wa nyuma, nyuma ya kitambaa au ubao wenye matundu, mbali na injini, mbali na bomba la moshi, na mbali na maji. Kwa masharti hayo tunaukubali.

Uzito wa kazi yote si wa kutisha. Mita 3 za mraba za kizuizi ni kilo 15, na ukiongeza mikeka ya butili na sponji, jumla haitapita sana nusu ya mfuko wa saruji.

MASWALI YA HAKI

Wako watakaosema: dereva aliyezibiwa kelele hatasikia honi, wala kengele ya gari la wagonjwa, wala utingo wake. Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kisa cha maembe. Kilichomzuia Ami asisikie kilikuwa ni injini, wala si ukuta mnene. Sauti kubwa huifunika ndogo, kama mvua juu ya bati inavyoufunika mnong'ono. Injini ikinyamazishwa ndipo bisho la utingo linapojitokeza. Hata hivyo tunashauri kila gari ya abiria iwe na kengele ya umeme au taa ndogo mbele ya dereva, ili roho ya mama anayeshuka isitegemee kofi la mkono juu ya ubao.

Wengine watasema kuwa redio yatosha kuwaondolea kelele. Redio haiondoi kelele. Huongeza nyingine juu yake, na sikio hupokea zote mbili.

Na wapo watakaosema kuwa wazee wao waliendesha gari mbovu zaidi na hawakulalamika. Ni kweli hawakulalamika. Walikuwa hawasikii walilokuwa wakiulizwa.

NENO KWA WAHUSIKA

Kazi hii ya mikono ni ya dereva na mwenye gari. Lakini ziko sehemu zinazowapasa viongozi. Zanzibar inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2005, na chumba cha dereva ni mahali pa kazi kama kilivyo chumba cha karani. Gari inapokaguliwa hutazamwa breki, taa na magurudumu. Haina gharama yoyote kumwongezea mkaguzi mambo matatu: sailensa, raba za milango, na kifuniko cha injini. Dereva anapopimwa macho, apimwe na masikio. Tarehe 3 Machi kila mwaka ni Siku ya Usikivu Duniani. Ingefaa siku hiyo wapimaji waende kwenye vituo vya gari, badala ya kuwangoja madereva hospitali.

Tunapendekeza pia kuwa vituo vya mafunzo ya amali, mathalan kile cha Vitongoji kisiwani Pemba, viwafundishe vijana wa ufundi wa magari kazi hii tuliyoieleza, kwanza katika malori ya umma. Kiongozi asafiriye katika gari iliyofungwa vioo na kutiwa kipoza hewa ni vigumu kuikumbuka kelele. Twamwomba siku moja apande mbele katika gari ya mbao, toka Mkoani hadi Chake, kisha aandike muhtasari wa yale aliyozungumza na dereva.

Mwezi uliopita tulipanda tena gari ya Ami. Hatukukuta ukimya wa msikiti usiku wa manane, wala hatukuutarajia. Injini ilikuwapo chini yetu, lakini ilikuwa imekaa mbali, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Utingo alipogonga mara moja gari ilisimama. Alipogonga mara mbili iliondoka. Tuliulizana hali kwa sauti ya kawaida, ingawa ilitubidi tukae upande wa sikio lake la kushoto, ambalo lina nafuu.

Hilo ndilo tunalotaka lifahamike. Kazi ile haikumrudishia Ami usikivu uliokwenda. Mjukuu wake bado humwita mara mbili tatu. Imemhifadhia uliobaki, na imemhifadhia mwanawe, ambaye ana umri wa miaka ishirini na kitu na ameanza kujifunza kushika usukani wa gari ile. Kijana huyo angali ana masikio yake yote mawili. Wahenga pia walisema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio ya vijana wetu bado hayajafa, na dawa yenyewe ni siku mbili za kazi, mikeka kadhaa ya mpira, na rola mkononi.